Nyumba Isiyokuwa na Feni

Mimi ni fundi wa viyoyozi, na mama yangu hana hata feni. Semeni mtakavyo, wateja wangu wamekwisha kuyasema yote. "Mganga hajigangi," ananiambia mwenye duka la dawa kila nikipanda ngazi kumsafishia mashine yake. Wenzangu kazini huuliza kama ni kweli mama hujipepea kwa gazeti la mwaka jana. Si kweli. Gazeti la mwaka jana alishalitumia kufungia mbegu.

Zamani maneno hayo yaliniuma. Siku hizi naanza kuyasimulia mwenyewe kabla sijaulizwa, na asiyetaka kusikia ahamie meza nyingine.

Mtaani wanamwita Mama Bana. Sisi wengine tunabana matumizi mshahara ukichelewa, tena kwa shingo upande. Yeye anabana kwa ufundi, mwaka mzima, na kiangazi ndipo ufundi wenyewe unapoonekana. Alifanya kazi miaka ishirini na tisa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kati ya mapipa yanayochemka na pasi za mvuke. Anasema joto ni kama mume mlevi: ukishajua anaingilia mlango gani na saa ngapi, unamfungia mapema.

Basi alfajiri anafungua kila kitu, hadi milango ya kabati. Jua likigusa dirisha la sebuleni, anafunga upande huo na kushusha mapazia mazito. Likizunguka, naye anazunguka nalo. Mashuka mawili makuukuu, aliyopewa alipostaafu, yanaloweshwa na kutundikwa kwenye mlango wa nyuma ambako upepo unapita. Usidhani anayalowesha kwa maji mapya, Mungu apishie mbali! Maji katika nyumba ile hayamwagwi, yanahamishwa. Yaliyosuuza nguo yanalowesha mashuka, yanayodondoka kwenye mashuka yanakingwa kwa karai, ya kwenye karai yanapiga deki, na yanayobaki yanaishia kwenye mboga nyuma ya nyumba. Bati juu limepakwa chokaa nyeupe. Alikuwa akiipaka mwenyewe kila mwaka, mpaka dada yangu alipoiuza ngazi yake kwa siri ili asipande tena. Siku moja nilimsifu, nikamwambia haba na haba hujaza kibaba. "Kisipotoboka," akanijibu, na kuendelea kukunja mifuko ya plastiki.

Jambo la mwisho la kujua ni kulaza sufuria. Mama hawashi jiko mchana wa kiangazi. Alfajiri anachemsha chakula hadi kitokote sawasawa, anafunika, anazima, kisha anaiviringisha sufuria kwa mablanketi ndani ya sanduku la mbao na kuiacha ijiivishe kwa joto lake yenyewe mpaka saa nane. Hapo tunasema sufuria imelala. Anayechungulia kabla ya wakati ameamsha chakula, na chakula kilichoamshwa hakirudi usingizini, kinataka moto tena. Utotoni nilichapwa mara mbili kwa kosa hilo, na zote mbili nilistahili.

Sasa dada. Dada yangu mkubwa ni mwalimu mkuu, na amezoea watu wasimame anapoingia. Anaishi ghorofa ya nne, kwenye nyumba niliyoifungia viyoyozi viwili kwa mikono yangu. Mwaka jana bibi mmoja wa jirani yetu alizirai kwa joto, akalazwa wiki nzima. Dada akaitisha kikao. Ama Mama akubali kiyoyozi, ama ahame akaishi kwake.

"Kiyoyozi sikitaki," Mama akasema. "Na kwako sihami. Hii nyumba nimeijenga na baba yenu tofali kwa tofali, siwezi kuiacha iliwe na mchwa."

"Mama, una miaka sabini."

"Sabini na moja. Usinipunje."

Wakavutana hadi wakachoka. Mwishowe Mama akatoa neno lake: "Nikianguka kiangazi hiki, hata mara moja, nibebeni, sitabisha. Nisipoanguka, niacheni." Dada akakubali. Na Mama akishatoa neno halirudishi, hata kama linamchoma mwenyewe. Sote tulijua kwamba siku atakapoanguka ndiyo siku nyumba ile itafungwa kufuli.

Wiki ya joto kali kuliko zote, mteja mmoja akaahirisha kazi, nami nikaona nipite kwa Mama. Niseme ukweli wangu: nilikwenda kupima ukuta. Nilikuwa na kiyoyozi kilichotumika, kizima kabisa, nikapanga kumfungia siku atakapokwenda kliniki. Nilimhurumia, na niseme tena ukweli, nilimwonea aibu. Fundi gani huyu?

Nikafika saa saba mchana. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena kwa ngumi. Kimya. Mlango umefungwa kwa ndani, ule wa nyuma wenye mashuka una geti la nondo lenye kufuli, mapazia yameshushwa. Nikazunguka hadi dirisha la chumba chake, nikaweka jicho kwenye mwanya wa pazia.

Kitandani, katika giza lile, kulikuwa na mtu amejifunika blanketi gubigubi, joto la kuyeyusha lami! Juu ya mto kilionekana kitambaa chake cha kichwa, kile cha bluu chenye madoa meupe. Nikaita, "Mama! Mama!" Kitambaa hakikutikisika.

Nikampigia dada simu, na neno lililonitoka ndilo nililokuja kulijutia: "Dada, Mama ameanguka!"

"Nakuja," akasema, akakata.

Nikapiga mlango teke. La kwanza, la pili, la tatu, bawaba zikang'oka na mimi nikaingia pamoja na mlango. Nikakimbilia kitandani, nikamkumbatia mama yangu, nikamwona mgumu, wa mviringo, na wa moto. Nikalivuta blanketi. Sufuria mbili, ya maharagwe na ya wali, zimelala bega kwa bega, na kitambaa cha Mama kimefungwa juu ya mfuniko wa ile kubwa ili usilegee.

"Nani anaamsha maharagwe yangu?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, alama za mkeka shavuni. Alikuwa amelala zake sakafuni kwenye korido, nyuma ya mashuka mabichi, na masikio yake yaliyochoshwa na mashine za hospitali hayakusikia kitu hadi mlango ulipodondoka. Sanduku lake la kulazia sufuria lilikuwa limeliwa na mchwa wiki ile ile, ndiyo maana akazipandisha kitandani.

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akapiga magoti na kuanza kuokota skrubu za bawaba moja moja na kuzitia kwenye kikombe.

"Umemwambia dada yako nini?"

"Kwamba... umeanguka."

Mkono wake ukasimama juu ya skrubu. Sijawahi kumwona mama yangu akiogopa, hata siku tuliyomzika baba. Hapo nilimwona akiogopa.

"Mpigie," akasema.

Nikapiga, nikapiga tena. Simu ikaita bila kupokelewa. Nusu saa haikupita, gari likasimama nje. Dada akaruka mlango ulioanguka, begi kubwa tupu mkononi.

"Yuko wapi? Mama! Kwa nini umesimama? Kaa chini!"

"Hajaanguka," nikasema. "Ni maharagwe."

Dada akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekutwa na sigara. "Maharagwe?"

"Yalikuwa yamelala kitandani. Yamefungwa kitambaa."

"Yaani maharagwe yamevaa kitambaa cha kichwa, yamejifunika blanketi, na wewe ukavunja mlango." Akamgeukia Mama. "Amekubembeleza mfiche jambo hili, au wewe ndiye uliyembembeleza? Nimesikia kwa masikio yangu, ameanguka. Ahadi ni ahadi, Mama. Nguo zako ziko wapi?"

Ajabu ya ukweli ni hiyo, mara nyingine hauna sura ya ukweli hata kidogo. Mama hakujitetea. Alikuwa ameahidi kwamba hatabisha, na kuamua kama ameanguka au la akatuachia sisi. Akaingia chumbani, nikasikia kabati likifunguliwa.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na hasira yote ilikuwa yangu kwangu. Nikachomoa kipimajoto kwenye mkoba wangu wa kazi. Nikamshika dada mkono hadi uani, tukangoja kitulie. Thelathini na nane. Nikamrudisha ndani, korido, karibu na mashuka, tukangoja tena. Ishirini na saba, na mlango mzima ukiwa chini!

"Soma wewe, usije ukasema nimebembelezwa."

Akasoma. Akakigonga kioo kwa kucha, akasoma tena.

"Dada," nikasema, "nimesomea kupoza nyumba miaka mitatu. Nimefunga mashine katika ofisi za watu wakubwa. Sijawahi kupoza nyumba kwa mashuka mawili na karai. Na hiyo miaka mitatu ya chuo, unajua ada ilitoka wapi? Ilitoka kwenye feni ambayo Mama hakuinunua. Yako ya ualimu nayo ilitoka humu humu, kwenye gesi inayowashwa mara moja kwa siku. Tulilelewa na joto hili tukidhani mama yetu ni bahili. Mimi nilikuja leo kumfungia kiyoyozi kwa siri kwa sababu nilimwonea aibu. Nimemwonea aibu mtu aliyenisomesha! Niliyeanguka leo ni mimi. Nibebe mimi."

Dada alivua viatu, nadhani vilimbana kwa kukimbia, akakanyaga sakafu mbichi kwa nyayo tupu. Akasimama hivyo. Kisha akaketi kwenye mkeka, mwalimu mkuu mzima na suti yake, akaegemea ukuta, machozi yakamtoka bila kelele.

Mama akatokea na nguo zake zimekunjwa mkononi. Akatutazama mmoja mmoja.

"Naondoka au siondoki? Maana kama siondoki, chakula kiko tayari."

"Huondoki, Mama," dada akasema.

Tukala mezani tukitazama barabara kupitia pengo la mlango, wapita njia wakitusalimu. Maharagwe yalikuwa yameiva barabara, ingawa niliyaamsha kabla ya saa, na Mama hakuacha kunikumbusha. Dada aliongeza sahani mara mbili. Kwenye ya pili akasema, akitazama kijiko, kwamba kule kwake umeme unakatika siku hizi saa sita hadi saa kumi, viyoyozi vyangu vinageuka mapambo ya ukutani, na watoto wake, wakiwa likizo, wanashinda wakilia na vipele vya joto.

"Nilitaka kukuficha," akasema. "Ningekutoa huku baridini nikakupeleka kuungua."

Mama akamfutia shavu kwa upindo wa khanga yake, kama vile dada ni wa darasa la kwanza. "Walete," akasema. "Ila kila mtu aje na ndoo yake."

Mlango niliurudisha jioni ile ile, kwa skrubu zile zile, hakuna hata moja iliyopotea. Kiyoyozi nilimuuzia mwenye duka la dawa, na nilipokuwa nakifunga nilimsimulia habari za mama yangu tangu bomba la kwanza hadi la mwisho. Safari hii akaniuliza mashuka yanaloweshwa saa ngapi.

Jumamosi wapwa zangu watatu wakashuka kwenye gari kwa bibi yao, kila mmoja na ndoo yake kichwani. Dada akafuata nyuma, amebeba ya nne.