Shangazi wa Bwawani

Mlinzi wa bwawa ndiye aliyemleta Shangazi duniani, na siku hiyo alikuwa na hasira tu. Asubuhi alikuwa amewafukuza watoto watatu majini. Mchana akawakuta tena wanapiga mbizi karibu na mdomo wa bomba, pale maji yanapovuta. Fimbo hawakuiogopa. Basi akasema la kwanza lililomjia kinywani: "Haya, ogeleeni! Shangazi aliye huko chini hajala tangu juzi."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikwenda miaka ishirini na miwili. Muuza mkaa alimwongezea Shangazi nywele za kuburuta, mwalimu wa darasa la pili akampa meno, na mama mmoja aliyepoteza ndoo akaapa alimwona kwa macho yake mawili akiichukua. Muda wote huo hakuzama mtoto hata mmoja. Mlinzi mwenyewe, aliyejua fika Shangazi katoka wapi, akipita ukingoni alikohoa kwanza, kwa adabu.

Kisha chujio la bomba likaziba. Siku ya tatu mabomba ya mtaani yalikuwa makavu, na watu walijaa ukingoni na ndoo tupu, wakubwa kwa wadogo. Mpiga mbizi wa idara ya maji alikuwa mgonjwa, kwa hiyo mhandisi akamgeukia mlinzi.

"Usiingie, baba watoto," mkewe alimnong'oneza.

"Si unajua kwamba hayupo?"

"Najua. Ila ukitoka mzima, na hawa nao watajua."

Hilo ndilo lililomtia hofu. Watoto walikuwa wamejipanga mbele, macho yamewatoka. Akiibuka salama, kesho wote wako majini, na mdomo wa bomba hauna utani na mtoto.

Lakini mji hauna maji, atafanyaje? Akapiga hodi, wallahi alipiga, kisha akazama. Aling'oa majani na matope mpaka chujio likafunguka ghafla, maji yakavuta kwa kishindo, na mguu wa suruali ukanaswa. Alivuta, akasukuma, akaita mama yake aliyekwisha kufa. Mwishowe aliiachia suruali iende, akaibuka anapiga yowe la kweli, akapanda ukingoni na shati peke yake.

Watu wazima waliangua kicheko. Watoto nao wakaanza kucheka.

"Bomba limekunasa suruali, siyo?" mhandisi aliuliza.

Neno "ndiyo" lingemwokolea heshima. Mlinzi akawatazama wale watoto, akavuta shati chini kadiri lilivyokubali.

"Bomba gani? Shangazi huyo! Kanivua kwa mikono yote miwili, huku ananiuliza wenye miguu midogo wako wapi."

Watoto walirudi nyuma mpaka barabarani.

Jioni mji mzima ulikunywa maji yaliyochujwa kwa suruali yake, na ukamlipa kwa kumwita Shemeji. Sokoni Shemeji, kwa kinyozi Shemeji, na yeye anaitika.

"Hukuona haya, mwanamume mzima?" mkewe alimuuliza usiku ule akicheka, huku akimkanda mguu uliovimba.

"Niliona haya mpaka nikatamani kurudi majini," alisema. "Lakini mama watoto, mimi na mwili wangu wote huu, lile bomba lilikaribia kunishinda."

Mkewe hakucheka tena. Aliendelea kumkanda.