Majibu ya Mate Yamekwama Wapi?

Juzi nilipanga foleni katika zahanati moja upande wa Kinondo, nyuma ya mama mmoja mtu mzima. Kijana wa dirishani akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza, majibu ya mate yangu yamerudi?"

Kijana hakuelewa, kwa hiyo mama akamweleza polepole. Mwaka juzi walikuja watafiti hapo zahanati wakisema kwamba mate ya mtu yana vinasaba vinavyoonyesha mababu zake walihama kutoka wapi, hata maelfu ya miaka nyuma. Ilikuwa Ramadhani na koo lilikuwa limemkauka, hivyo akawaomba wangoje baada ya futari, ndipo akawajazia kichupa.

"Bibi yangu alituambia tulitoka Shungwaya, huko kaskazini," akasema. "Nataka kujua kama ni kweli, kabla sijafa."

Kijana akawapigia simu watafiti hao, akasikiliza kwa muda mrefu huku akikuna shingo. "Mama, wanasema majibu ni ya jamii nzima, si ya mtu mmoja. Yamechapishwa kwenye jarida, kwa Kiingereza."

"Mimi nilitema peke yangu, mwanangu. Jamii nzima haikuwapo."

Kijana akainamia daftari lake. Mama akamshukuru kwa adabu, akaenda zake, nami nikabaki na hasira ambazo yeye hakuzionyesha. Wataalamu hawa wamefuata nyayo za mababu zetu maelfu ya miaka, lakini njia ya kurudi Kinondo imewashinda.