Kamshafti ya Mbio

Nilitoka Bunia alfajiri kwenda Aveba kumchukua mama. Mguu wake ulikuwa umevimba, na mvua ikinyesha gari halifiki huko. Nilitegemea pikipiki yangu, ambayo wiki ile nilikuwa nimeibadilishia kamshafti, chuma kinachofungua na kufunga vali. Nilichagua ya mbio. Niliijaribu kwenye njia tambarare, peke yangu, nikafurahi. Fundi alinipa ile ya zamani mkononi, kama mafundi wetu wanavyofanya, ujue kweli imetoka. Niliitupa kwenye mfuko wa vifaa.

Njiani niliendesha kama ninafukuzwa. Vilima vyote nilivipanda bila shida.

Aveba nilimkuta mama mlangoni. Sikutaka kukaa.

"Weye kula kwanza," akasema. "Mugulu yangu haitakimbia."

Nilikula bugali nimesimama.

Tuliporudi, kilima cha kwanza kilitushinda. Injini ilitetemeka, ikazima. Mawingu yalikuwa yanajaa. Nikadhani cheche ni dhaifu. Tuliteremka polepole mpaka kwa fundi mmoja kando ya njia. Alifungua buji, ile plagi ya cheche, akailaza juu ya chuma cha injini, akaniambia nipige kiki. Cheche ya bluu ikaruka kwa sauti.

"Buji iko na moto muzuri. Ulibadilisha nini?"

"Kamshafti."

"Ulijaribu na muzigo?"

Mama akajibu, "Muzigo ni miye."

"Hii ni ya kukimbia," fundi akasema. "Kupanda na muzigo, haiwezi. Ya zamani iko wapi?"

Nikamwaga mfuko chini. Akapitisha kucha juu ya nundu zake kuona kama zimelika. Zilikuwa bado laini. Alipokuwa akiifunga, nilizunguka pale mpaka mama akachoka nami.

"Kaa, mutoto. Unamuchokesha fundi."

Kilima tulikipanda taratibu, mvua ikitupiga. Bunia tulifika tumelowa, na daktari alisema tungechelewa siku moja tu, mguu ungeharibika. Nilitoka nje nikalia.

Sasa mama anatembea. Kamshafti ile ya zamani imeanza kulika, kwa hiyo juzi nilinunua nyingine. Fundi wangu wa hapa Bunia alipomaliza kuifunga aliniambia nikaijaribu. Nilipita nyumbani kwanza. Mama alikuwa nje, kitambaa kichwani, kikapu cha mihogo mkononi.

"Twende kwa mulima," akasema. "Muzigo iko tayari."