Siku Tulipofyeka Migomba ya Mwalimu Gosbert

Mimi ndiye adui. Kwa miaka kumi na saba, kila mchezo wa vita vya ngoma ulipochezwa hapa Ndama, nilikuwa jemadari wa jeshi lililovuka mto kuja kumpora mfalme ngoma yake. Walinichagua kwa urefu wangu na kwa Kiswahili changu kinachonuka Kinyarwanda. Sikununa. Watoto walinikimbia njiani wiki nzima baada ya mchezo, nami nikajiona mtu wa maana.

Mwenye mchezo alikuwa Mwalimu Gosbert. Si yeye aliyeutunga. Mwalimu wake ndiye aliyeuandika kwa mkono kwenye daftari, zamani sana, na hapa kwetu hakuna mtu mzima asiyejua maneno yake. Gosbert aliufundisha mpaka alipostaafu. Alipoondoka tu, shule ikauacha. Hilo lilimuuma kuliko kustaafu kwenyewe.

"Habumugisha," aliniambia, "nikifa mimi, na mchezo umekufa. Lazima tuufanye filamu."

Akamleta Hirwa, mpiga video za harusi kutoka Kayanga. Baraza la mfalme tulilipiga picha vizuri kwenye uwanja wa kanisa. Kazi ikakwama kwenye sehemu ya tatu, pale adui anapofyeka migomba ili watu wafe njaa. Jukwaani tulikuwa tunakata majani makavu tuliyoyafunga kwenye fito, na watu walikuwa wanalia kweli. Hirwa alizitazama fito zetu akacheka. Alisema kwenye kioo zitaonekana fito tu.

"Basi tutakata yangu," akasema Gosbert.

Mkewe, Auleria, alikataa siku mbili. Kibanja kile, shamba la migomba lililoizunguka nyumba yao, ndicho kilicholisha nyumba nzima, yeye na mumewe na wajukuu wanne, na humo ndimo alimozikwa mama mkwe. Mwishowe akakubali migomba ishirini ya ukingoni, tena kwa sharti moja. Mnyauko ulikuwa umeshaingia vijijini, na kila mkulima anajua kwamba ugonjwa huo husafiri kwenye panga. Ukikata mgomba mmoja, unalipitisha panga motoni ndipo uguse wa pili. Akawasha moto pale ukingoni, akatusimamia kama mwalimu wa zamu.

Tukaanza. Mtu anakata, anarudi motoni, anangoja, anakwenda kukata tena. Hirwa akasimamisha kamera. "Hili si jeshi," alisema. "Hawa ni watu wanachoma mahindi."

Gosbert alimgeukia mkewe. "Mama Benjamin, adui gani huyo anayesimama vitani kusafisha panga?"

"Huyo anayekata migomba yangu," Auleria akajibu.

Alichukua ndoo ya maji, Gosbert mwenyewe, akauzima moto. Nilimwona, na sikusema neno. Mimi ambaye asubuhi ileile nilikuwa nimekata mgomba uliokuwa unageuka manjano kwangu, nikalifuta panga kwa majani, nikaja nalo. Nilitegemea moto wa Auleria. Moto ulipozimwa niliona aibu kusema mbele ya watu, eti jemadari anarudi nyumbani kuosha panga. Aibu ya kipumbavu kabisa.

Hirwa akapiga kelele tukimbie. Tukakimbia. Miaka kumi na saba nimekata majani makavu. Siku hiyo mgomba mzima ulianguka kwa pigo moja, maji yakanirukia usoni, na mori ukanipanda. Hatukuishia kwenye ishirini. Tuliingia ndani, tukipiga huu, tukikwaruza ule. Gosbert alikuwa anatufuata nyuma akipiga makofi, machozi yanamtoka kwa furaha.

Baada ya mwezi majani yakaanza kulegea. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, ukizipasua unakuta ndani zina rangi ya kutu. Bwana shamba alipita mstari kwa mstari, akarudi akiwa ameinamisha kichwa. Ng'oeni yote, alisema, mzike, na msipande migomba hapa mpaka niwaambie.

Nilimwendea Gosbert nikamweleza habari za panga langu. Nilitaka anitukane. Aliniangalia tu, kisha akasema, "Aliyezima moto ni nani?" Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Siku ya kung'oa nilikuja na jembe. Gosbert alikuwa amemwita Hirwa. Filamu ilikuwa imebakiza sehemu ya mwisho, ya njaa, ambayo jukwaani ilikuwa legevu siku zote, maana waigizaji walikuwa wameshiba. Nilidhani amerukwa na akili. Labda alikuwa amerukwa. Alisema kama kibanja kimekwenda, basi na kisiende bure.

Auleria alikuwa amepiga magoti kwenye shimo, anavuta shina la mgomba wa kando ya kaburi. Aliiona kamera. Hakuifukuza.

"Baba Benjamin," alisema, "kesho niwapikie nini hawa watoto?"

 Gosbert akasimama hapo na daftari la mchezo mkononi, na Hirwa akaendelea kupiga.

Filamu ilionyeshwa Kayanga, ukumbi umejaa. Nilikaa nyuma. Ilipofika sehemu ile ya Auleria shimoni, wengine wakajifuta macho kwa khanga. Mama mmoja mbele yangu akamwinamia mwenzake.

"Lakini huyu mama," alisema, "anajua kuigiza."