Masaa Nane mpaka Amsterdam

Nilifunga maua ya waridi huko Timau miaka tisa. Yalikatwa asubuhi, tukayatoa majani ya chini, tukayafunga, yakaingia chumba cha baridi, na jioni lori likayateremsha Nairobi kwa uwanja wa ndege. Ukizubaa, msimamizi alikukaripia: ndege haingoji mtu, na ikiruka ni masaa nane tu iko Amsterdam. Kwa hivyo hiyo safari hakuna wa kunifundisha.

Binti yangu, kifungua mimba, anaishi hukohuko Amsterdam mwaka wa kumi na mbili sasa. Mzee wangu alipokufa mwaka jana, alisema anakuja kumzika baba yake. Nikaambia ndugu za mzee tungoje wiki moja zaidi, maana kwetu watoto hutupa mchanga kaburini wakifuatana vile walivyozaliwa, na wa kwanza ni yeye. Walinung'unika ati marehemu anakaa mochari kama mtu asiye na wenyewe. Niliwanyamazisha.

Zikibaki siku mbili, akapiga simu. Kazi haijamwachilia. Halafu akaongeza, "Na ujue, Mami, huku ni mbali."

Mjukuu wangu alikuwa amekaa hapo na simu yake. Nikamwambia atafute ni mbali kiasi gani. Akasoma kwa sauti: Nairobi mpaka Amsterdam, kilomita elfu sita na mia saba hivi, masaa nane na kitu.

"Umesikia?" nikamuuliza binti yangu. "Ongeza na barabara ya kuja hapa Nyeri, hiyo ni siku moja. Maua yangu yalifika huko kabla hayajanyauka."

Akajibu, "Mami, maua hayaombi ruhusa."

"Maua hayana baba."

Kama shida ilikuwa makaratasi, angesema makaratasi. Ningeelewa. Alisema ni mbali.

Siku ya mazishi pikipiki ikaleta shada, ameliagiza kwa simu akiwa huko. Niliangalia mashina: yamekatwa kwa upande, miiba imetolewa vile tulivyokuwa tunaitoa. Waridi za hapahapa kwetu. Hata hayo maua hayakupanda ndege. Nikasema yawekwe na mengine.

Kaburini nilitupa mchanga wangu, kisha mchungaji akaita kifungua mimba. Wadogo wake wakasimama tu, hakuna wa kumpita. Watu wote wakanigeukia mimi. Niliinama tena, na magoti haya yangu, nikachota, nikatupa mchanga wake. Ndipo wengine wakafuata.

Binti yangu hunipigia Jumapili nikitoka kanisani. Juzi aliniuliza kama nyasi zimeota kaburini kwa baba.

Nilimwambia masaa bado ni yale yale nane.