Mtu wa Tisa Kwenye Bonde la Chumvi

Niliambiwa niseme watu tisa, nikasema tisa, huku nikijua tuko wanane. Hilo ndilo kosa langu, na sitaki mtu mwingine alibebe. Haya ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu timamu na sijagusa pombe tangu nibatizwe. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, soma tu, halafu siku utakayokabidhiwa karatasi yenye majina ya watu utanikumbuka.

Mimi ni mzee wa Isansa. Nilimaliza kidato cha nne, nikaendesha magari ya watu miaka mingi kati ya Tunduma na Sumbawanga, na nilipochoka nikabaki na Landkruza yangu ya zamani, yenye benchi mbili nyuma, nikawa natembeza wageni. Nawapeleka kwenye kimondo, nawapeleka kwenye maji moto, nawaonyesha kahawa inavyokaushwa. Mke wangu Veronika, ambaye wote tulimwita Mama Neema, alikuwa mpishi wa safari hizo.

Kuna jambo moja kumhusu huyo mwanamke lazima ulijue kwanza. Kwa miaka thelathini na tisa hakuwahi kuepua sufuria kabla hajaniita. Alikuwa anachota kidogo kwa mwiko, anamwagia kiganjani mwake, ananinyooshea. "Onja, chumvi imekolea?" Nami naonja pale pale kiganjani. Hata siku tulizokuwa tumegombana, kiganja kilikuja kimya, nami nilionja kimya. Watoto walitucheka sana. Ndiyo ndoa yetu ilivyokuwa.

Basi, kiangazi kimoja lori la watalii likakwama Tunduma kwa sababu ya karatasi za mpakani. Lilikuwa limetoka pwani, limepita Bagamoyo na magofu ya Kilwa, limepanda mpaka Iringa, na lilikuwa linakwenda kuvuka Zambia mpaka jangwa la Namibia. Wageni walikuwa saba, wengi wao Wazungu, na mmoja wao mwalimu mstaafu kutoka Kisumu aliyeitwa Otieno. Kiongozi wao alikuwa Farida, binti wa Tanga, mchapakazi kwelikweli. Siku tatu wageni waliangalia foleni ya malori na vumbi. Siku ya tatu Farida akaniuliza kama huku kwetu kuna kitu cha kale cha kuwaonyesha, ili wasije wakaanza kugombana.

Nikamwambia liko bonde la chumvi, huko chini kuelekea Ziwa Rukwa. Jina la kijiji sitaliandika. Watu wamechemsha chumvi pale tangu enzi ambazo hakuna azijuaye, vigae vya vyungu vyao vimejaa ardhini, na kiangazi chini panakuwa peupe mpaka macho yanauma. Farida akafurahi. Akasema wageni wataonja jangwa kabla ya jangwa.

Siku hiyo hiyo nikaenda wilayani Chitete kuomba barua ya kibali. Ikaandikwa watu tisa, ukiniacha mimi: wageni saba, Farida, na mpishi Veronika. Mke wangu alizaliwa huko bondeni na alikuwa na hamu ya kwenda. Jioni akachemsha maharage sufuria nzima, bila chumvi, akasema atayaunga huko huko kwa chumvi ya kwao.

Alfajiri akaamka anatetemeka kwa homa. Nikamwambia alale. Alinifuata hadi kwenye gari akiwa amejifunika blanketi, akashika mlango.

"Baba Neema, ukifika kwa Bibi anayelinda bonde, mwambie sijaja. Nitoe kwenye hesabu. Kule mtu asiyekuwepo hatajwi."

Nikamwambia sawa. Naona bado vidole vyake kwenye ule mlango.

Njia ya Chitete unaijua kama umewahi kuipita. Tulifika kijijini saa tano, mifupa inauma. Wageni walikaa nyuma wote, wanne huku na wanne huku pamoja na Farida, kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa cha Mama Neema na nilikuwa nimezoea kukiacha. Mtendaji wa kijiji alitupokea vizuri, akasoma barua, akauliza wa tisa yuko wapi. Nikamuuliza ingekuwaje kama mmoja angekuwa amebaki nyumbani. Akasema kwa upole kwamba yeye hawezi kugusa namba iliyoandikwa wilayani. Kama imebadilika, nirudi Chitete ikabadilishwe huko. Hiyo ingekuwa siku nzima imekwenda.

Farida akanivuta pembeni. "Mzee wangu, si useme tu tuko tisa, mmoja anaumwa tumbo yuko garini? Nani anaumia?"

Ningeweza kukataa. Alikuwa mtoto wa mjini, hakujua kitu, na mimi nilijua. Lakini niliona aibu mbele ya wageni, nikaona uvivu wa ile njia, nikasema sawa. Sikulazimishwa.

Mlinzi wa bonde ni mama mzee, hapa nitamwita Bibi Namonga. Anayeingia kwenye chumvi hutajwa jina kwanza kwa waliochemsha zamani, ili wajue nani kaingia na nani anatakiwa kutoka. Bibi anataja jina, wewe unajibu "nipo", naye anakuwekea punje za chumvi kwenye ulimi kwa vidole vyake. Otieno alipowekewa ya kwake akasema, "Bibi, daktari alinikataza chumvi," na Bibi akamjibu kwamba daktari wake hajazikwa hapa. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Kisha akataja Veronika.

Mtendaji alikuwa amesimama na barua mkononi. Nikasema, "Yupo. Yuko kwenye gari, tumbo linamsumbua."

Bibi akaweka chumvi kwenye jani, akanipa nimpelekee. Sasa hebu niambie, ningefanya nini na lile jani? Kulitupa mbele yake? Nikaenda garini, nikaliweka kwenye kiti cha mbele, kiti cha mke wangu, nikafunga mlango. Yaani nilimwita kwa jina lake, halafu nikamwandalia na mahali pa kukaa.

Tukaingia bondeni kama kilomita tano, nikaegesha kwenye kivuli cha miiba. Wageni walitembea kule kweupe wakiokota vigae na kuvirudisha, Farida akiwaeleza jinsi vyungu vilivyokuwa vinapangwa juu ya moto. Otieno akaniambia jangwa letu lina nzi wengi mno, jangwa la kweli haliwezi kuwa na nzi. Kweli nzi walikuwa wengi. Niligeuka kuangalia wanatoka wapi. Walikuwa wanakwenda kwenye gari langu.

Nikarudi garini kuangalia yale maharage tuliyokuja nayo. Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi Mama Neema.

Unajua nilifurahi? Nasema kweli. Nilidhani homa imeshuka akatufuata kwa bodaboda. Alikuwa na kitenge chake cha njano, sufuria ipo mapajani. Nikafungua mlango nikicheka, ndipo harufu ikanipiga. Ilikuwa harufu ya samaki aliyetiwa chumvi akaachwa guniani kwenye mvua, na chini yake harufu nyingine, tamu, ya kidonda kilichofungwa siku nyingi.

Uso ulikuwa wa mke wangu, lakini ulikaa vibaya, kama foronya iliyovikwa mto usio wake. Pembeni ya midomo ngozi ilikuwa imekauka na kuinuka, nyeupe, na nzi walikuwa wanaingia chini yake. Hakuwafukuza. Mkono wake ulikuwa ndani ya maharage mpaka kwenye kiwiko, unakoroga taratibu, na kila alipoutoa aliulamba kuanzia chini kwenda juu kwa ulimi wa kijivu, mrefu, uliojaa magamba. Kisha anaurudisha.

Nilitaka kukimbia. Akachukua mkono wangu uliokuwa na jasho, akaulamba pia, polepole, kama ng'ombe anavyolamba jiwe la chumvi. Ulimi ulikuwa wa baridi.

"Umenitaja, nimekuja," akasema. Sauti ilikuwa ya Mama Neema kabisa. Akachota maharage, akayaweka kwenye kiganja, akaninyooshea.

"Onja, chumvi imekolea?"

Nami nikaonja.

Usiniulize kwa nini. Miaka thelathini na tisa kiganja kinakuja na kichwa changu kinainama. Kiliinama chenyewe. Chakula kilikuwa cha moto, na hakuna aliyekuwa amewasha moto. Kulikuwa na nywele ndani yake, na kitu laini kilichosogea chenyewe kwenye ulimi wangu kabla sijameza. Nikameza. Chumvi yake ilikuwa imekolea vizuri, kama ya mke wangu, na hilo ndilo lililonichefua kuliko hata kile kilichosogea.

Nikaenda nyuma ya tairi nikatapika mpaka nikatoa maji ya njano. Niliposimama, wageni walikuwa wamerudi na sahani. Wao walimwona mama wa kawaida tu. Farida, akidhani kafika kwa bodaboda, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Otieno akasema, "Ahaa, mama amepona," akaomba aongezewe. Walikula wote, wakasifia. Nilikuwa nimeshika bodi ya gari, mate yananing'inia, na sikufungua mdomo kuwazuia. Hilo nalo ni langu.

Tulirudi kijijini yeye akiwa pembeni yangu. Kila gari liliporuka shimo, nyonga yake iligusa yangu, na ilikuwa na unyevunyevu. Niliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha.

Bibi Namonga alikuwa anasubiri pale tulipoingilia, fimbo mkononi. Akahesabu kwa majina. Alipofika Veronika, kile kitu kikajibu "nipo" kabla sijavuta pumzi. Bibi akaja mpaka dirishani, akanuka hewa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, huyu ndiye uliyeingia naye?"

Mtendaji alikuwa pale pale na barua yake. Safari hii sikuangalia barua. Nikasema, "Bibi, kiti hiki kilikuwa kitupu. Mke wangu yuko Isansa. Nilidanganya."

"Ungesema asubuhi," akasema.

Akazunguka, akafungua mlango, akasema maneno ya kwao, machache, kama unavyomwambia mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Kikashuka. Kikatembea kuelekea kule kweupe bila kugeuka, nzi nyuma yake kama moshi. Wageni waliuliza kwa nini mama anabaki. Nikawaambia ni kwao. Kwenye kiti ilibaki alama ya makalio, yenye majimaji, na ukingo wake ulikuwa umeanza kukauka kuwa chumvi.

Nikamuuliza Bibi kama mke wangu yuko salama. Akajibu kwamba jina lake limerudishwa, nisihofu, nitamkuta mzima.

"Wewe je, ulikula?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Nimemshusha," akasema, akitema mate pembeni. "Alichokulisha siwezi kukitoa."

Nilifika nyumbani jioni, jua bado lipo. Mama Neema alikuwa amepona. Alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda, msafi, amechana nywele, ametengeneza dagaa kwa nyanya. Aliponiona akatabasamu, akachota kwa mwiko, akamwagia kiganjani.

"Onja, Baba Neema."

Nikatapika mlangoni, kwenye miguu yake.

Kama ningemweleza siku ile, pengine tungelibeba pamoja. Aliniuliza mara moja tu, usiku huo huo, kama nilimtaja. Nikamwambia hapana. Nikasema ni vidonda vya tumbo. Akabadilisha sufuria. Akabadilisha mafuta, akanunua chumvi ya pakiti ya dukani, akaacha kabisa ile ya kwao. Haikusaidia, kwa kuwa si chakula kilichokuwa kinaninukia. Ni yeye. Kila alipokaribia niliona ule ulimi. Alianza kuoga mara tatu kwa siku, kisha mara tano, kwa sabuni ya kufulia, mpaka ngozi ya mikono ikakauka na kupasuka nyeupe. Alipoonyesha wanawake wenzake kanisani ile mikono, nilikuwa nimesimama pale, na nikageuka nisiitazame, kwa kinyaa.

Lori lile lilifika jangwani salama. Farida alinitumia picha ya michanga mikubwa myekundu, na Otieno akanirekodia salamu kwamba amekula sehemu nyingi lakini maharage aliyopakuliwa na mama kule bondeni bado anayakumbuka. Mama Neema aliisikia ile salamu. Akaniuliza, "Mama gani?" Nikazima simu.

Wewe unayesafirisha watu, hesabu vichwa, usihesabu karatasi. Ukiambiwa mmoja hakuja, kata jina lake, hata kama itakubidi urudi njia nzima na wageni wakununie. Na usimtaje mtu mahali asipokuwepo kwa sababu tu kunyamaza kunakutia aibu.

Mke wangu alifariki masika yaliyopita, kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee. Siku za mwisho aliomba uji, akaniomba nionje kwanza kutoka kiganjani mwake, kidogo tu, kama zamani. Nilijaribu. Niliinama mpaka karibu, kisha nikatoka nje. Niliporudi alikuwa ameufumba ule mkono na uji ndani yake. Aliishi miaka minne akiamini kwamba ananuka, na alikufa akiamini hivyo, wala hakunuka hata siku moja.