Oili Isiyomwagwa

Kwetu Magarini, nyumba mpya ilinukia oili chafu kabla ya kunukia chakula. Kila aliyejenga kwa miti na udongo alijua kwamba nguzo ya mvinje isiyopakwa oili ni chakula cha mchwa. Basi ile sehemu ya kuzama ardhini ilipakwa oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ikapakwa hadi usawa wa goti, ikaachwa ikauke juani, ndipo ikasimamishwa. Watu wa mjini walikuwa na dawa za dukani. Sisi tulikuwa na trekta.

Trekta yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya shamba la mananasi, na baba yangu ndiye aliyeiendesha. Lakini kila ilipobadilishwa oili, ile ya zamani ilikuwa haki ya dereva. Hakuna aliyekuwa ameliandika jambo hilo popote. Ndivyo ilivyokuwa tu. Baba aliileta nyumbani kwa dumu, na siku hiyo hata wasiomwamkia walimwamkia. Mwenye zizi la mbuzi alikuja, mwenye choo kilichoinama alikuja, na mwenye kutaka kuoa na hana chumba alikuja. Baba hakuuza. Aligawa, na katika kugawa alikuwa mrefu kuliko alivyokuwa kule shambani, ambako watu wadogo kwake kwa umri walimwita "wewe."

Shangazi yangu alipofiwa na mumewe, shemeji zake walimwonyesha njia. Alirudi kwetu na watoto wake, akalala jikoni. Alikuwa dada pekee wa baba. Baba alimpa kiwanja kando ya boma letu, akamwahidi dumu zima la oili, asimgawie mtu mwingine hata tone. Shangazi alikata nguzo zake mwenyewe, akazibeba kichwani, akazilaza nyuma ya nyumba yetu.

"Dumu likija tu, nahama," alimwambia mama. "Tena mtanililia. Nani atawachekesha?"

Hapo ndipo meneja wa shamba alipobadilisha aina ya oili.

Mwuzaji alikuja kutoka Kilifi, akawakusanya madereva kwenye banda la mitambo. Aliwaambia kwamba hii mpya ni sintetiki. Haichoki upesi kama ile waliyoizoea. Injini huwaka kwa wepesi asubuhi, vyuma havisagani, na mafuta yenyewe hukaa ndani muda mrefu zaidi kabla ya kubadilishwa. Na yakija kumwagwa, yatakusanywa kwenye pipa na kuchukuliwa, maana oili chafu ikimwagwa ovyo huharibu udongo na maji ya visima. Yote hayo yalikuwa kweli. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: hakuna aliyedanganya. Ningempata mwongo mmoja katika kisa hiki, ningemchukia nikapumzika.

Baba alirudi jioni ile kama mtu aliyeposa. Alivaa fulana mpya yenye jina la oili kifuani, zawadi ya mwuzaji.

"Haikohoi tena!" alisema. "Unagusa tu, imeitika. Laini kama cherehani."

Shangazi aliitazama fulana. "Na dumu langu?"

"Haijamwagwa bado."

"Itamwagwa lini?"

"Hii haimwagwi upesi, dadangu. Inakaa."

"Kumbe kuna oili isiyochafuka? Basi kaka, nijengee nyumba ya hiyo oili yenyewe, nisihangaike na miti."

Tulicheka sote, na baba pia. Sikumbuki tena kicheko kingine baina yao.

Wiki zilipita na nguzo zikalala palepale, magome yakianza kubanduka. Maneno ya shangazi yakageuka. Alisema yuko mwanamke Gongoni ambaye nyumba yake inasimama upesi ajabu. Alisema nguzo za mwanamke huyo zinameta.

"Wifi, yaache hayo," mama alimwambia.

"Niyaache wapi, wifi? Nalala jikoni kwako. Sina hata pa kuyaweka."

Baba aliyasikia. Jumapili moja alimwambia shangazi avae viatu, wakaenda shambani, nami nikawafuata. Alitaka dada yake aone kwa macho yake kwamba oili imo ndani ya injini, haijaenda Gongoni wala kokote. Aliinua boneti, akachomoa kile kijiti kirefu cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, kisha akakichomoa tena na kumshikia shangazi mbele ya uso.

Kilikuwa cheusi. Cheusi tii.

Baba ndiye aliyetufundisha sote kusoma kijiti kile. Oili mpya ina rangi ya asali, kisha huwa kahawia, na ikishakuwa nyeusi imekufa, imwage. Alikuwa amelisema hilo mbele ya shangazi mara zisizo na idadi, kwa kujisifu, akigawa madumu.

Shangazi aligusa tone kwa kidole, akalisugua kwa gumba. "Hii ni nini?"

"Ni nyeusi, lakini haijafa. Sintetiki hubeba uchafu bila kuchoka. Weusi wake si kama weusi wa ile."

"Kaka, ni wewe uliyenifundisha."

"Ile ya zamani!"

"Nyeusi ni nyeusi. Haya, sitaki dumu. Nipe kopo moja tu, nipake nguzo ya kati."

Spana ilikuwa mfukoni mwa baba. Nati ya kumwagia oili ilikuwa chini pale, karibu na goti lake. Baba aliitazama injini, akamtazama dada yake, kisha akakirudisha kijiti taratibu mahali pake.

"Ikipungua, injini itaumia," alisema.

Angeweza kusema kwamba meneja anapima. Angeweza kusema kwamba atafukuzwa kazi, na shangazi, aliyejua kufukuzwa, angeelewa. Alisema juu ya injini.

"Umeihurumia trekta," shangazi alisema. Akageuka, akatangulia njiani, nasi tukamfuata kwa mbali kama watu wasiojuana naye.

Masika yalikuwa karibu. Shangazi alichoma ncha za nguzo motoni, akatia jivu mashimoni, akasimamisha nyumba yake bila oili. Baba alimsaidia kuezeka makuti, na shangazi alimshukuru kwa adabu, vile mtu anavyomshukuru mgeni. Oili ilipomwagwa hatimaye, iliingia kwenye pipa lenye kifuniko, pipa likapanda lori, lori likashika njia ya Mombasa.

Mchwa hawakuchelewa. Kwanza ilionekana mishipa myembamba ya udongo ikipanda ukutani. Kisha ungeweza kubonyeza nguzo kwa kidole na kidole kikazama. Baada ya mvua za pili, nguzo ya kati ilikaa chini kama mzee aliyechoka, paa likabonyea, mlango ukakataa kufunga.

Baba alikwenda Malindi, akanunua nguzo iliyotiwa dawa kiwandani, nzito, ya rangi ya kijani. Aliileta begani tangu stendi, jembe mkononi. Shangazi alitoka, akasimama katika mlango wake usiofunga.

"Wacha, kaka. Yuko mtu anakuja kuchimba."

"Mtu gani?"

"Mtu."

Baba aliilaza nguzo kando ya ua, akarudi nyumbani. Mimi nilibaki nyuma ya mkorosho. Kibarua alikuja na mti mbichi wa mvinje, akaona ile ya kijani, akaipigapiga kwa bapa la panga.

"Mama, na chuma hiki kizuri kimelala nje? Si tuweke hiki?"

"Hiyo si yangu," shangazi alijibu. "Ni ya dereva mmoja wa hapa jirani. Chimba wewe."